Daraja la mtandao ndani ya kompyuta: lini lijengwe, lini liachwe

Msikilizaji wetu mmoja wa Kasulo, kijana anayetengeneza kompyuta karibu na njia panda ya Benaco, alitutumia ujumbe wenye swali ambalo halikutosha kujibiwa ndani ya kipindi. Anasema ameweka mashine pepe mbili kwenye kompyuta yake moja ya Linux. Zote mbili zinafungua intaneti bila shida. Lakini akishika simu yake, iliyounganishwa kwenye ruta ileile, hazioni. Ni kana kwamba hazipo. Rafiki yake wa Mwanza amemwambia, "jenga daraja". Sasa anauliza: daraja gani, linajengwaje, na likiharibika inakuwaje?

Tunamjibu hapa kwa maandishi, ili na wengine mpate kusoma kwenye simu kwa nafasi yenu. Sehemu kubwa ya makala haya ni ya kila mtu, hata yule ambaye hajawahi kugusa Linux. Amri za fundi tumeziweka mwishoni.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Mashine pepe inayotaka tu kutoka kwenda intaneti haihitaji daraja. Ile inayotakiwa kufikiwa na simu na kompyuta nyingine za hapo ofisini ndiyo inayolihitaji, na daraja hilo linataka waya, si Wi-Fi. Na usilijenge ukiwa mbali na kompyuta yenyewe.

Mashine pepe ni nini

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili: ina diski yake, kumbukumbu yake, mfumo wake na nywila yake, lakini vyote hivyo vinakaa ndani ya kompyuta moja halisi. Hiyo halisi tunaiita mwenyeji, na zile za ndani tunaziita wageni. Ni kama nyumba ya wapangaji: paa moja, mita moja ya umeme, lakini kila chumba kina mlango na kufuli yake.

Linux yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Uwezo wa kubeba mashine pepe, unaoitwa KVM, uliingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2007, na hauuzwi. Ukiwa na Linux, unao. Hapa kwetu Kiswahili hakikukaa pembeni: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Inasikitisha kwamba mafundi wengi vijana hawajawahi hata kuisikia.

Faida yake kwa eneo kama letu inaonekana haraka. Kituo kidogo cha redio, zahanati au shule ya sekondari inaweza kuhitaji kompyuta tatu kwa kazi tatu ambazo hazipaswi kuchanganywa. Kompyuta tatu ni umeme mara tatu, na umeme ukikatika ni betri mara tatu. Kompyuta moja yenye kumbukumbu ya kutosha inaweza kuwabeba wageni watatu.

Sanduku la posta na daraja la Rusumo

Wageni wakishakuwa ndani, swali linalofuata ni jinsi watakavyowasiliana na nje. Kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza wengi mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Kijijini, familia nyingi hazina sanduku la posta. Zinatumia S.L.P. ya shule au ya parokia. Barua yako inatoka ikiwa na anwani ya shule, na jibu linarudi shuleni. Mwalimu anajua barua ile ni ya nani, anakuletea. Lakini mgeni kutoka mjini mwenye S.L.P. ile tu mkononi hawezi kufika mlangoni kwako, kwa sababu anwani ile inamfikisha shuleni na kuishia hapo.

Ndivyo mashine pepe zinavyoanza maisha. Ukiweka KVM pamoja na programu ya kuiendesha, libvirt, kwa kawaida wageni hupewa anwani za ndani zinazoanza na 192.168.122, na mwenyeji anakuwa yule mwalimu mkuu. Kila pakiti inayotoka inavaa anwani ya mwenyeji. Mgeni anaiona dunia, dunia haimwoni mgeni. Mafundi wanaiita NAT. Kijana wetu wa Benaco hajakosea kitu chochote. Mashine zake zinafanya hasa kile zilichopangwa kufanya.

Njia ya pili ni daraja. Daraja la Rusumo juu ya mto Kagera linafahamika na kila anayesafiri barabara yetu. Hili jipya lilizinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Angalia tofauti ya vitu hivyo viwili. Kituo kinakuuliza wewe nani, unakwenda wapi, umebeba nini. Daraja haliulizi, linaunganisha kingo mbili tu, na aliye upande huu anaweza kutembea hadi upande ule. Daraja la mtandao ni la namna hiyo. Linaunganisha kadi ya mtandao ya kompyuta na kadi za kujifanya za wageni, na mgeni anaonekana kwenye ruta kama kompyuta nyingine yoyote iliyochomekwa waya. Ruta inampa anwani yake mwenyewe. Simu inaweza kumfikia moja kwa moja.

Hapo kuna faida na hatari pamoja, maana daraja halina askari.

Ndani ya daraja

Mtu akisikia neno daraja anadhani ni kifaa cha kununua. Katika Linux ni kipande cha programu ndani ya kiini, na kazi yake ni ileile ya swichi ya mtandao, kile kiboksi chenye matundu mengi ya waya. Kila kadi ya mtandao, iwe ya chuma au ya kujifanya, ina namba yake. Daraja linaanza likiwa halimjui mtu. Pakiti ikija, linaangalia namba ya aliyeituma na kuandika: namba hii iko upande huu. Kama halijui mpokeaji yuko wapi, linaipeleka pakiti pande zote isipokuwa ilikotoka. Mwenyewe akijibu, daraja limeshamjua. Anayekaa kimya dakika 5 anafutwa kwenye daftari, na akisema tena anaandikwa upya.

Kanuni hiyo ndogo ndiyo inayobeba mambo makubwa. Kituo cha kubadilishana intaneti cha Dar es Salaam, TIX, kilichoanza 2004, kinakutanisha makampuni ya intaneti kwenye swichi ya pamoja, ili ujumbe wa Mtanzania kwenda kwa Mtanzania usizunguke ng'ambo kwanza.

Nani apewe daraja

Tuchukue kituo chetu kama mfano. Tuna kazi tatu: kupiga muziki na matangazo hewani, kupokea sauti ambazo waandishi wetu wanarekodi kwa simu wakiwa vijijini, na kutunza ujumbe mfupi ambao wasikilizaji wanatuandikia.

Mashine ya kupokea sauti lazima iwe na daraja. Mwandishi anarudi kutoka Rulenge au Nyakahura, simu inashika Wi-Fi ya ofisi, na anataka kutuma sauti yake moja kwa moja bila kumwita mtu. Mashine ya kupiga matangazo nayo inapokea faili kutoka kompyuta ya dawati, kwa hiyo daraja linaihusu.

Ile ya ujumbe wa wasikilizaji hatuiweki kwenye daraja, na tunaomba mwenye kazi kama hiyo asiiweke. Humo mna namba za simu, mna mama aliyeandika habari za ndoa yake, mna mtu anayelalamikia kiongozi wa kijiji. Mashine hiyo inahitaji kutoka tu, kuchukua ujumbe na kurudi. Sanduku la posta linaitosha. Ukiiweka kwenye daraja, kila aliyepewa nywila ya Wi-Fi ya ofisi, hata mgeni aliyekuja kunywa chai, anaweza kugonga mlango wake.

Wale mnaouza Wi-Fi kwa saa, hili liwaingie. Kama wateja wako na mashine zako pepe wanatumia ruta moja, daraja linawaweka chumba kimoja. Na ukuta wa moto uliouwasha kwa mwenyeji kwa kawaida haumlindi mgeni aliye kwenye daraja, kwa kuwa pakiti zake zinapita chini ya ukuta huo. Mgeni ajengewe wake.

Jambo jingine linalowachanganya watu: daraja halikufanyi uonekane duniani. Makampuni ya simu mara nyingi yanawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, yaani sanduku la posta juu ya sanduku la posta. Daraja linakufikisha kwenye ruta yako. Baada ya ruta ni habari nyingine.

Wi-Fi na simu

Hapa ndipo mafundi wengi wa vijijini wanapoteza usiku mzima. Wengi wetu intaneti inatoka kwenye simu iliyowashwa hotspoti, au kwenye ruta ya laini, na kompyuta inaishika kwa Wi-Fi. Ukijaribu kuiweka kadi ya Wi-Fi kwenye daraja la Linux, ama itakataa kabisa, ama itakubali halafu mgeni asipate kitu.

Sababu iko kwenye namna Wi-Fi inavyofanya kazi. Kompyuta ikijiunga na Wi-Fi, inajitambulisha kwa namba moja ya kadi, na ruta inaikubali namba hiyo tu. Mgeni akituma pakiti yenye namba yake mwenyewe, ruta inaona mtu asiyejiandikisha na kuitupa. Waya hauna uandikishaji huo. Namba nyingi zinapita tundu moja bila tatizo.

Utasikia mtu akisema kwake ilifanya kazi kwa Wi-Fi. Yawezekana alitumia VirtualBox, ambayo ina ujanja wa kubadilisha namba za kadi njiani. Daraja la kawaida la Linux halifanyi hivyo.

Simu iliyochomekwa kwa waya wa USB ni kisa cha katikati. Linux inaiona kama kadi ya waya, na inaweza kukubali kuingia kwenye daraja. Lakini siku mwenye simu akiondoka nayo, daraja linabaki na ukingo mmoja. Sisi hatushauri kuitegemea kwa kazi ya kila siku.

Kwa hiyo kama huna tundu la waya, baki na sanduku la posta. Si aibu. Bado mwenyeji mwenyewe anaweza kuwafikia wageni wake, na libvirt inaruhusu kufungua mlango mmoja mmoja kwa mgeni anayehitajika. Simu zinazotumia Wi-Fi haziathiriki: simu iwe kwenye Wi-Fi, mwenyeji awe kwenye waya wa ruta hiyohiyo, wote wataonana vizuri.

Usiku tulioukata waya wetu wenyewe

Ushauri wa kutojenga daraja ukiwa mbali hatukuusoma mahali. Fundi wetu alikuwa nyumbani, saa 5 usiku, akiifanyia kazi kompyuta ya kituo kupitia mtandao. Aliiingiza kadi ya waya kwenye daraja na kuifuta anwani yake, akabonyeza kitufe kabla hajaipa daraja anwani yoyote. Kadi iliyo ndani ya daraja haitumii tena anwani yake. Anwani inatakiwa ikae kwenye daraja lenyewe. Kompyuta ikabaki haina anwani. Skrini yake ikaganda, na mvua ilikuwa inanyesha.

Muziki uliendelea hewani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini matangazo ya asubuhi yanaandikwa kwenye kompyuta ya dawati na kutumwa kwa mtandao. Saa 12 na nusu mtangazaji alikuta matangazo ya jana. Mpaka fundi anafika na kurekebisha ilikuwa saa 4. Kati ya matangazo yaliyochelewa mlikuwa na la msiba, mazishi saa 7 mchana, ndugu wako upande wa Biharamulo. Walifika kaburi limeshafunikwa. Walikuja kituoni kutuuliza, kwa upole, na tulikosa la kuwaambia.

Amri, kwa fundi

Tunachukulia una Ubuntu Server, ruta yenye anwani 192.168.1.1, na kompyuta ya mwenyeji ni 192.168.1.10. Kwako namba zinaweza kuwa tofauti. Kwanza jua jina la kadi yako ya waya:

ip -br link

Kwetu ni enp3s0. Jaribu kwanza kwa muda, bila kuhifadhi. Andika faili uliite jaribu.sh, lenye mistari hii yote kwa pamoja, ili isikatike katikati kama ilivyotukata sisi:

ip link add br0 type bridge
ip link set enp3s0 master br0
ip addr flush dev enp3s0
ip addr add 192.168.1.10/24 dev br0
ip link set br0 up
ip route add default via 192.168.1.1

Kabla ya kuliendesha, panga kompyuta ijiwashe upya baada ya dakika 10, kisha endesha:

sudo shutdown -r +10
sudo sh jaribu.sh

Amri za namna hii hazidumu baada ya kompyuta kuzimwa. Ukikwama, subiri tu. Itajiwasha na kurudi ilivyokuwa. Ikifanya kazi, futa mpango wa kuzima kwa sudo shutdown -c. Wakati wa jaribio majina ya tovuti yanaweza kugoma, kwa hiyo pima kwa ping 192.168.1.1.

Ukiridhika, ndipo uandike la kudumu, ukiwa umekaa mbele ya kibodi. Nakili kwanza faili la zamani lililo ndani ya /etc/netplan na ulitunze nje ya folda hiyo, kisha uandike:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
  bridges:
    br0:
      interfaces: [enp3s0]
      dhcp4: true

Nafasi za mwanzo wa mistari ni za kitufe cha nafasi, si cha Tab. Amri ya sudo netplan try inaweka mpangilio na kukusubiri dakika 2 uthibitishe, la sivyo inajaribu kurudisha wa zamani. Kwa madaraja msiitegemee peke yake. Ndiyo maana tumesema kaa mbele ya kibodi.

Kumwingiza mgeni anayeitwa sauti kwenye daraja:

sudo virsh attach-interface --domain sauti --type bridge --source br0 --model virtio --config

Mzime mgeni huyo kabisa, umwashe tena. Atakuwa na kadi mbili, ya zamani na mpya. Ya zamani unaweza kuiondoa baadaye. Amri ya bridge link itakuonyesha nani ameshika daraja.

Yanayokwamisha baadaye

Mwenyeji anaweza kubadilika anwani. Daraja linaweza kupewa namba yake ya kadi, tofauti na ya enp3s0, na ruta ikadhani ni kompyuta mpya. Kama ulikuwa umeifungia ruta impe mwenyeji anwani ileile kila siku, rekebisha kwa namba mpya. Au andika namba ya zamani kwenye faili, chini ya br0, kwa neno macaddress.

Kama mwenyeji ana Docker, wageni wanaweza kuzimika ghafla ingawa daraja liko sawa. Docker huweka sheria za kuzuia pakiti zinazopita kwa mwenyeji, na sheria hizo zinaweza kulishika daraja pia. Ushauri wetu ni rahisi: Docker iishi ndani ya mgeni, isiishi kwa mwenyeji.

Usichomeke nyaya mbili kutoka daraja moja kwenda ruta moja ukidhani utapata kasi mara mbili. Pakiti zitazunguka bila mwisho na mtandao mzima wa ofisi utasimama. Kinga ya mzunguko huo ilibuniwa na Radia Perlman, mhandisi wa Marekani, mwaka 1985, na netplan huiwasha yenyewe. Gharama yake ni kusubiri: mgeni akiwashwa, daraja linaweza kukaa kama sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote. Wengi hufuta kazi yote katika sekunde hizo wakidhani wamekosea.

Na kwa kijana wetu wa Benaco: ujumbe wako haukusema kompyuta yako inaishikaje ruta. Ruta nyingi za laini zina tundu moja au mawili ya waya kwa nyuma. Geuza ya kwako uangalie kabla hujaandika amri hata moja.